Kisa cha familia moja, visiwa vitatu na ndege ndogo: ratiba ilipobana na ilipopona

Hiki ni kisa cha kweli kwa namna mambo yalivyokwenda, ila majina, mwaka, tarehe na kampuni zote nimeziondoa, na vitu vichache vidogo nimevibadilisha ili watu wasijulikane. Aliyepanga safari ni dada mmoja mwenye ofisi ndogo ya safari hapa Unguja, ndo aliyenihadithia hatua kwa hatua na kunionyesha meseji, na familia yenyewe imekubali kiandikwe. Nakiandika kwa sababu watu wengi wanapanga Unguja, Pemba na Mafia kwa kuangalia dakika za angani tu, wanaona ishirini na tano hapa, thelathini na tano pale, wanasema aah hii si ni karibu, kumbe ugumu wa safari hizi haupo angani kabisa.

Familia na walichokuwa wanataka

Watu sita, wanaishi Muscat. Baba, mama, mtoto wa miaka tisa, mwengine mdogo anakaribia kutimiza miwili, Bibi ambaye ni mama mzazi wa baba na asili yake Pemba, na shemeji, mdogo wake mama, kijana anayezamia na ana vifaa vyake vyote vya kuzamia. Wamekuja mwisho wa Disemba, likizo ya shule, siku kumi na moja kuhesabu na siku ya kufika na ya kuondoka. Tiketi za kimataifa walishanunua wenyewe kabla hawajaongea na dada, wanaingia Unguja Jumatatu wanatokea Dar Alhamisi ya wiki ya pili, ndege saa kumi na nusu jioni.

Kila mtu ana lake. Bibi ana ndoa ya mjukuu wa dada yake huko Wete, Pemba, siku ya Ijumaa, na hiyo haijadiliwi. Shemeji anataka kuzamia Misali, kisiwa kidogo kando ya Pemba. Watoto wameahidiwa papa potwe wa Mafia, yule papa mkubwa mpole, na msimu ndo wenyewe, kuanzia kama Oktoba mpaka Februari au Machi wanakuja karibu kabisa na Kilindoni, mji mkuu wa Mafia. Mama anataka kupumzika, bas.

Alafu kuna sharti moja la Bibi ambalo liliamua mambo mengi kuliko alivyojua yeye mwenyewe: "Mie chombo sipandi." Tangu Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama usiku ikielekea Pemba, na mwaka uliofuata Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe, Bibi hajakanyaga boti na hana mpango. Kwa hiyo kila kipande cha safari ambacho Bibi yumo lazima kiwe cha ndege, na kila mpango wa akiba lazima uwe wa ndege pia. Wapangaji wengi wanasahau hii ya pili.

Ratiba ya kwanza, na kwa nini dada aliikataa

Baba alikuja na ratiba yake tayari kwenye karatasi. Unguja siku tatu, Pemba siku nne, Mafia mpaka Alhamisi ya mwisho, asubuhi hiyo hiyo wanaruka Mafia kwenda Dar, saa kumi na nusu wanaondoka kwenda Muscat. Kwa karatasi inakaa vizuri, Mafia mpaka Dar ni kama kilomita 125 tu, ndege inafika ndani ya dakika thelathini na kitu, wangebaki na masaa sita mkononi.

Dada akamwambia, kaka, hii ratiba umeimalizia kwenye kisiwa kigumu kuliko vyote kutoka. Namna yake ya kupanga ni kuanzia nyuma, siku ya kuondoka, na kuuliza kila kisiwa kina njia ngapi za kutokea. Unguja ina ndege kubwa, ina ndege ndogo toka asubuhi, ina boti za kwenda Dar mara kadhaa kwa siku za masaa mawili hivi, ukikosa hiki unapata kile. Pemba ina ndege ndogo na ina boti ila si kila saa. Mafia ina ndege ndogo chache kwa siku, na ukikosa hizo ni boti mpaka Nyamisati, bandari ya upande wa bara, alafu barabara mpaka Dar, siku nzima hiyo, na Bibi hayumo. Kwa hiyo kawaida anaanza na Mafia anamalizia Unguja.

Tatizo ni ndoa. Kuanza na Mafia ingekuwa Jumanne wanakwenda Dar kisha Mafia, Alhamisi wanarudi Dar kisha Pemba, Ijumaa ndoa. Ile hatari ya kukosa ndege haiondoki, inahama tu kutoka kwenye ndege ya Muscat inakuja kukaa juu ya ndoa. Baba alikuwa tayari, Bibi alisikia tu neno "labda tutachelewa kidogo" mjadala ukaishia hapo. Na mimi naona Bibi alikuwa sawa, ndege ya Muscat ikikuacha unalipa unapanda nyengine, ndoa hairudiwi kwa ajili ya mgeni aliyekwama Dar.

Wakakubaliana hivi. Mafia inabaki mwisho ila wanatoka Jumatano, wanalala Dar usiku mmoja, Alhamisi wanaondoka wametulia. Baba hakuupenda huo usiku wa Dar, aliuita usiku wa kulipia hoteli ukiangalia foleni, akakubali tu pale dada alipoukata kutoka Unguja badala ya kuuongeza juu. Ikawa Unguja usiku mbili, Pemba nne, Mafia tatu, Dar mmoja.

Mtoto anayetimiza miaka miwili safarini

Hapa dada alifanya jambo dogo ambalo lingeweza kuleta mzozo kaunta. Mtoto chini ya miaka miwili anakaa mapajani, analipiwa kidogo sana na hana kiti. Mdogo wao alikuwa anatimiza miwili Jumanne ya wiki ya pili, wakiwa Mafia. Yaani anakwenda Mafia akiwa mtoto wa mapajani, anarudi Dar akiwa abiria mwenye haki ya kiti. Kwenye ndege kubwa ungeongea ukapata kiti pembeni, kwenye ndege ya viti kumi na mbili msimu wa mwaka mpya hakuna pa kuongea. Dada alimkatia kiti cha kurudi mapema kabisa, na alikagua na tiketi ya Muscat pia, ambayo baba alikuwa kaikata kama ya mtoto mchanga kwenda na kurudi, ikabidi irekebishwe. Ukipanga safari na mtoto wa umri huo angalia tarehe ya kuzaliwa kwa kila kipande cha safari.

Mzigo

Sasa hii ndo sehemu iliyokula meseji nyingi kuliko zote. Ndege kutoka Muscat iliwapa mzigo wa kutosha kila mtu, wakaja na masanduku magumu makubwa, halua, mafuta ya udi, vitambaa vya ndoa. Ndege ndogo inasema kilo 15 kwa mtu, begi laini, na hiyo 15 ni pamoja na ule mkoba wa mkononi.

Watu wanadhani hizo kilo 15 ni ubahili wa kampuni. Chukua hesabu ya kukadiria tu. Ndege inayotumika sana huku ni Cessna Caravan, injini moja. Uzito wake wa juu kabisa wa kuruka ni kama tani nne. Yenyewe tupu ikiwa na viti vyake inakula zaidi ya tani mbili na robo hivi. Weka mafuta kilo mia nne, weka rubani, umebakiwa na kama kilo 1,200 za kugawana. Abiria kumi na mbili wa kilo themanini themanini ni 960. Kilichobaki ni 240, gawa kwa kumi na mbili, kilo ishirini. Hapo hujaweka abiria mnene hata mmoja wala rubani hajaomba mafuta ya akiba kwa sababu ya mvua. Ndo maana wanapima na watu, na ndo maana rubani anakwambia wewe kaa mbele wewe nenda nyuma, hachagui sura, anatafuta mlingano. Na begi laini ni kwa sababu mzigo mwingi unaingia kwenye lile sanduku la tumboni chini ya ndege ambalo ni la chini na mlango wake mdogo, sanduku gumu halipindi.

Ushauri wa kawaida unaopewa Unguja ni acha masanduku hotelini utayachukua ukirudi. Ila hawa hawarudi Unguja. Dada aliliona hilo mapema, wengi hawalioni mpaka siku yenyewe. Masanduku makubwa mawili yakaenda Dar kwa boti na kijana wa ukoo, yakawasubiri kwa jamaa Kariakoo. Zawadi za ndoa zikaenda Pemba kwa boti, bandari ya Mkoani. Familia ikabaki na mabegi laini.

Wote isipokuwa shemeji. Vifaa vyake vya kuzamia peke yake vilikuwa zaidi ya kilo ishirini, ukiacha nguo. Dada akampa njia mbili, akodi vifaa Pemba kwenye kituo cha kuzamia abebe maski yake tu, au anunue kiti cha pili kwa ajili ya mzigo, baadhi ya kampuni wanauza hivyo. Shemeji akachagua ya tatu, kulipia kilo za ziada, akaona ni rahisi kuliko zote. Kilo za ziada unazolipia ni ruhusa ya kubebewa kama nafasi ipo, na hilo limeandikwa, ila nani anasoma.

Safari yenyewe mpaka Jumapili

Jumatatu na Jumanne Unguja hazina la kusimulia, zaidi ya bima ya wageni ya Zanzibar ambayo wenye pasipoti za nje lazima wawe nayo tangu Oktoba 2024, na wao walishaikata mtandaoni kabla ya kufika.

Jumatano wakaruka Pemba. Uwanjani mizani ikatolewa, Bibi akagoma kupanda mbele za watu, akasema yeye si gunia la karafuu, mfanyakazi wa kaunta akaandika kilo za kukadiria akatabasamu. Ndege ilijaa na jua lilikuwa kali. Begi la vifaa vya shemeji likabaki. Wakamwambia litakuja na ndege ya jioni, ya jioni nayo ikajaa, likafika Alhamisi mchana.

Alhamisi ndo ilikuwa siku ya kwanza ya kuzamia, ikapotea. Ijumaa ndoa. Ikabaki Jumamosi, na shemeji akataka kufidia, mizamo mitatu siku moja, wa mwisho anatoka majini kama saa kumi jioni. Ndege ya Jumapili ilikuwa saa mbili asubuhi. Hiyo ni masaa kumi na sita. Mwongozo unaotumiwa na wazamiaji ni kusubiri angalau masaa kumi na mbili baada ya mzamo mmoja wa kawaida, na angalau kumi na nane ukizamia mara kadhaa, kwa sababu ile naitrojeni iliyojikusanya mwilini ukiwa chini inahitaji muda kutoka, ukipanda juu haraka inaweza kutengeneza mapovu. Shemeji akajitetea kwamba kandege kenyewe kanaruka chini. Kweli kinaruka chini kuliko ndege kubwa, ila kabini yake haijazibwa hewa kama ile ya ndege kubwa, pale kilipo ndo pale mwili wako ulipo, na ukishapita futi elfu mbili tayari upo ndani ya mwongozo. Na rubani anapanda anakoona mawingu yanamruhusu, hakuahidi mtu futi. Mkuu wa kituo cha kuzamia hakubishana, alimpangia mizamo miwili ya asubuhi, saa saba mchana kashatoka, masaa kumi na tisa. Mzamo wa tatu hakuupata.

Angalia hapo begi lilivyofanya kazi. Lilichelewa siku moja tu lakini liligusa ratiba ya kuzamia, nayo ikaenda kugongana na saa ya ndege ya siku nyengine kabisa.

Dar, saa tano na robo

Dada alikuwa amependekeza Pemba mpaka Dar na Dar mpaka Mafia zote kampuni moja kwenye buking moja. Sababu yake ilikuwa moja, kipande cha kwanza kikichelewa ni tatizo lao wao, watakupeleka na kinachofuata. Baba akaona mtandaoni kampuni nyengine ina Pemba–Dar kwa bei ya chini, akizidisha hiyo tofauti kwa watu watano ikawa hela ya kuonekana, akainunua mwenyewe usiku, akamwambia dada asubuhi. Dada akaandika meseji ambayo nimeiona: "Sawa kaka, ila ujue sasa ni safari mbili tofauti, huyu hamjui yule." Akajibiwa na kidole gumba.

Kwa ratiba walikuwa wanafika Dar saa tatu na nusu, ya Mafia inaondoka saa tano na nusu, chekin inafungwa saa tano. Masaa mawili kwa ndege zinazotumia jengo moja, Terminal 1, si mabaya.

Jumapili Pemba ikaamka na mvua, ile mikia ya vuli. Ndege ilikuwa inatoka Unguja, ikasubiri huko, ikafika Pemba imechelewa. Ikaondoka saa tatu na nusu, alafu ikapitia Tanga kuchukua watu, kisha Unguja, ndo Dar. Baba alishangaa hiyo Tanga imetoka wapi. Hizi ndege zinafanya kazi kama daladala, zina mzunguko, kituo kinaongezwa au kinarukwa kufuatana na nani kakata tiketi siku hiyo, na saa iliyoandikwa inaweza kusogezwa mbele au nyuma. Si uzembe wa mtu, ndo biashara ilivyo, kiti kimoja kitupu kwenye viti kumi na mbili ni hasara kubwa.

Wakatua saa tano na robo. Kaunta ya Mafia imefungwa, ndege ipo wanaiona kwenye kioo, wanakimbia, wanaongea, hapana. Karatasi ya uzito ishasainiwa na wao wameandikwa hawakutokea. Tiketi tano na ya mtoto zimekwenda. Ya mchana imejaa. Jumatatu asubuhi vipo viti vitatu tu.

Maamuzi mawili ya Jumapili ile

La kwanza lilikuwa nani aende. Baba alitaka wasubiri mpaka vipatikane viti vya wote, na vya wote vilikuwa Jumanne mchana, yaani Mafia ya usiku mmoja. Dada kwa simu akawagawa. Bibi, mama na mdogo mapajani, na mkubwa, viti vitatu vya Jumatatu asubuhi. Baba na shemeji wanapita Nyamisati. Mgawanyo huo uliwezekana kwa sababu mbili, mdogo alikuwa bado hajatimiza miwili, ilibaki siku moja, na lile sharti la boti lilikuwa la Bibi peke yake si la familia nzima. Wanaume wakaondoka Mbagala kabla ya alfajiri, wakapita Mkuranga na Bungu mpaka Nyamisati, wakapanda boti, jioni wakaingia Kilindoni wameungua jua na shemeji kakumbatia lile begi lake.

La pili ndo lililoleta ubishi. Wamepoteza usiku mmoja wa Mafia. Baba akasema bas tufute ule usiku wa Dar wa Jumatano, tulale Mafia, Alhamisi tuondoke na ndege ya asubuhi, tutafika saa tatu, Muscat ni saa kumi na nusu. Ukimsikiliza anaeleweka, kalipa hela nyingi kuja Mafia sasa anapewa usiku mbili, na Jumapili kashalala Dar usiku ambao hakuutaka. Dada akakataa. Hoja yake haikuwa kwamba ndege ya Alhamisi itaharibika. Alimuuliza, ikiharibika, wewe na Bibi na viti sita mtavipata wapi? Walikuwa wametoka kuona wenyewe kwamba msimu ule ukikosa ndege moja, inayofuata yenye viti sita iko siku mbili mbele. Na hizi ndege zinafanya kazi mchana, jua likizama mwendo wa saa kumi na mbili na kitu na safari zinaisha, kwa hiyo hakuna ile ya tutapanda ya usiku. Mama ndo aliyemaliza ubishi kwa kusema usiku wa Dar unabaki.

Mwisho wake

Jumanne asubuhi wakatoka na boti kutoka Kilindoni, bila Bibi, na papa potwe wakawaona, mtoto mkubwa akaingia majini na baba yake. Wangeweza kukosa, ni samaki wa baharini hawana miadi, na walikuwa wamebakiwa na asubuhi hiyo tu. Mdogo akakatiwa keki hotelini. Jumatano wakaruka Dar, mdogo kwenye kiti chake, wakachukua masanduku Kariakoo, wakalala, Alhamisi wakaenda Terminal 3 mapema wakaondoka.

Na ile ndege ya Alhamisi asubuhi kutoka Mafia, ambayo baba alitaka wapande? Iliondoka kwa wakati na ikafika kwa wakati. Baba aliulizia makusudi, akamtumia dada ujumbe akiwa tayari uwanjani.

Uchambuzi

Nianze na huo ujumbe. Baba anaona usiku wa Dar ulikuwa hasara kwa sababu haukuhitajika. Mimi naona anapima uamuzi kwa jibu ambalo Jumapili hakuna aliyekuwa nalo. Jumapili walichokuwa nacho ni mvua ya asubuhi, ndege zilizojaa, mtu mmoja asiyepanda boti na tiketi sita za kimataifa. Kwa hayo, kulala Dar ilikuwa sahihi na ingekuwa sahihi hata kama Alhamisi ingekuwa nzuri mara kumi. Ambacho namkubalia ni kwamba gharama yake ilikuwa ya kweli, watoto walikosa usiku ufukweni, na mpangaji anayesema usiku wa akiba ni bure anadanganya.

Kosa kubwa la kisa hiki ni tiketi mbili tofauti siku ya Jumapili, na nisingemtupia baba lawama yote, kwa sababu bei ya chini ilikuwa ya wazi kwenye skrini na hatari haikuwa na bei popote. Hela aliyookoa ilikuwa sehemu ndogo tu ya aliyopoteza ukijumlisha tiketi za Mafia, hoteli ya Dar isiyopangwa, usiku wa Mafia uliolipiwa bila kulaliwa, na gari la Nyamisati. Ila tuseme ukweli, dada alikuwa na nafasi ya kumwambia kwa namba. Meseji yake ilisema huyu hamjui yule, ni kweli lakini haishtui. Angemwandikia ndege hii ikichelewa dakika tisini unapoteza tiketi zenye thamani ya kiasi fulani, na viti vya msimu huu havipo, nadhani baba angekaa chini akafikiri. Na ikishakuwa tiketi tofauti, bado kulikuwa na dawa: kuacha masaa manne badala ya mawili, kwa kusogeza Mafia kwenye ndege ya mchana wakati viti bado vipo. Hakuna aliyerudi kuigusa ratiba baada ya ile tiketi kununuliwa. Ratiba ilijengwa kwa kampuni moja ikaendeshwa na mbili.

Saa ya ndege ya kwanza ilisaidia. Saa mbili asubuhi Pemba, hata ilipochelewa, iliwaacha na mchana mzima wa kutafuta viti, hoteli na usafiri wa Nyamisati. Ingekuwa ya mchana wangetua Dar jioni, maofisi yanafungwa, na vile viti vitatu vya Jumatatu vingechukuliwa na mwengine.

Kwenye mzigo, masanduku ya Dar yalipangwa vizuri sana, na naona hapo ndo ujuzi wa dada ulipoonekana, kwa sababu alifuata sanduku linapolala kila usiku kama alivyofuata watu. Begi la shemeji ni hadithi nyengine. Kukodi vifaa kungempa siku mbili za kuzamia. Alikuwa na sababu zake, mzamiaji anaamini regyuleta yake, kile kifaa cha kupumulia majini, sawa, basi ndo ungenunua kiti. Kulipia kilo za ziada kwenye ndege iliyojaa, mwezi wa Disemba, ni kama hujalipa kitu.

Jambo ambalo sikulisikia likijadiliwa popote ni ile tiketi ya Muscat yenyewe, ya kutokea Dar. Ilinunuliwa kwanza, visiwa vikapangwa kuizunguka. Wangetokea Unguja, wangeweza kurudi Unguja Jumanne au Jumatano, wakaacha masanduku hotelini bila kumsumbua kijana wa boti, na usiku wa akiba ungekuwa usiku wa Mji Mkongwe au wa ufukweni, ambao hata baba asingeulalamikia.

Baadae dada aliulizia bei ya kukodi ndege nzima, Pemba moja kwa moja mpaka Mafia bila kupita Dar, watu sita na begi la shemeji ndani. Ilikuwa ghali, lakini ukiweka pembeni ya hasara zote za Jumapili pengo halikuwa kubwa kama mtu anavyodhani. Akamtumia baba hesabu hiyo kwa ajili ya safari ijayo. Baba akajibu kwamba kwa hela hiyo ni bora maharusi wafuatao wapelekwe Muscat.